Kanda ya Upande wa Wanawake

Upanga,
5 Mei 2025

Kwa Fundi Paskalina,

Hunijui. Naitwa Thuraya binti Nassor, mwalimu mstaafu wa Jiografia, umri miaka themanini na moja. Barua hii anakuletea Haruna, dereva wa bajaji anayenipeleka kliniki kila Jumanne. Ndiye aliyeniambia kuwa Mtaa wa Narung'ombe kuna fundi wa televisheni mwanamke. Sikumsadiki, ikabidi aniandikie kwenye kiganja chake, kwa sababu masikio yangu yamekufa kabisa, huu mwaka wa nne. Ndiyo maana sikupigii simu. Ujumbe nao hautafaa. Simu yangu anaishika mjukuu wangu Samir, na kila kinachoingia anakisoma yeye kwanza. Ni kijana mwema, lakini jambo hili si lake.

Nina televisheni ya zamani, ile ya mgongo mkubwa yenye deki ya video humo humo chini ya kioo. Iliharibika Januari 1997 na tangu hapo imekaa pembeni chini ya kitambaa cha kufuma. Ndani yake imekwama kaseti. Ninataka kaseti itoke nzima, na televisheni iweze kuionyesha.

Kuna sharti. Kaseti ni ya harusi, upande wa wanawake. Wamo wanawake waliovua mabuibui wakafungua nywele wakacheza, kwa kuwa waliahidiwa kwamba hakuna mwanamume atakayewaona. Mpiga video mwenyewe alikuwa mwanamke. Hata nakala hatukutoa, maana maduka ya kunakili yote yalikuwa ya wanaume. Wengi wao sasa ni marehemu, na marehemu hawezi kujifunika. Kwa hiyo asiitazame mwanamume yeyote, hata kwa kujaribu mashine tu. Na ikiwezekana, na wewe usiitazame.

Ufanye haraka, mwanangu. Daktari ameniandikia kwenye karatasi habari za moyo wangu, na alichagua maneno ya upole mno. Nikaelewa.

Thuraya binti Nassor


Kariakoo,
7 Mei 2025

Bi Thuraya, shikamoo.

Mzigo umefika. Haruna aliubeba na Mudi, fundi simu tunayegawana meza, na Mudi akaniuliza hii ni TV au jeneza. Nimemwambia akiendelea kuuliza nitamlaza humo. Samahani kwa karatasi, ni migongo ya risiti zangu, sijaandika barua tangu niko shule.

Nikueleze ukweli wa kazi. TV kama hii siku hizi watu hawatengenezi. Kaseti nikishaitoa, kuna vijana mtaa wa pili wanaihamishia kwenye flashi, unaitazama kwenye TV ya mjukuu wako. Lakini wale vijana ni wanaume, kwa hiyo nimeshajijibu mwenyewe. Tunaendelea na hii hii.

Nimeifungua. Nimekuta vumbi la kupandia mchicha na mayai mawili ya mjusi, makavu. Fyuzi imekatika na kapasita tatu zimevimba, hayo si mageni. Kazi iko kwenye deki. Mikanda ya raba imeyeyuka ikawa kama lami. Nimeulizia Kariakoo nzima, mwishowe nimeipata kwa Mzee Ashok kule Kisutu, anayefunga duka lake la vipuri. Alipima kipande kilichosalia cha mkanda wa zamani kwa kukizungusha kwenye vidole vyake, akaenda moja kwa moja kwenye droo.

Kaseti yenyewe imekaa upande, na utepe umejizungusha kwenye kichwa cha kusomea. Hii haikukwama yenyewe, Bi. Kuna mtu aliisukuma kwa nguvu mashine ikiwa inaitoa. Samahani kuuliza, ni watoto? Fundi ni kama daktari, lazima ajue ilianzaje.

Paskalina


Upanga,
9 Mei 2025

Mwanangu Paskalina, marahaba.

Si watoto. Ni mimi.

Ngoja nikueleze, kwa kuwa umeuliza kama daktari. Bibi harusi aliyemo kwenye kaseti ni Rania, binti wa kaka yangu Azzan. Mama yake aliitwa Shemsa. Alikuwa wifi yangu. Shemsa hakupenda kupigwa picha. Ukitoa kamera alitoka chumbani. Siku ile moja tu, kwa ajili ya mwanawe, alikubali. Miezi minane baadaye homa ilimchukua kwa siku nne. Hakuna pengine popote ilipobaki sura yake.

Baada ya harusi kaseti iliwekwa kwangu, kwa kuwa ni mimi niliyekuwa na deki. Kuna mahali pamoja, kwenye ngoma ya pili, ambapo sikutaka pasikike. Rania alikuwa anakuja Jumapili kuitazama na mama yake. Ijumaa nikafunga mlango, nikaitafuta sehemu ile, nikabonyeza kitufe chekundu nirekodi juu yake. Mashine ikaanza kuitoa kaseti. Nikairudisha. Ikaitoa. Nikaisukuma kwa mikono miwili mpaka ikalia ndani kama mfupa unaovunjika, na taa ikazima.

Nilimwambia Rania televisheni imeungua na kaseti imeungua ndani yake. Kuipeleka kwa fundi sikuthubutu, maana fundi angeitazama. Kisha Shemsa akafa, na uongo niliousema kwa ajili ya siku moja ukawa wa miaka ishirini na minane.

Mwezi uliopita Rania ameniandikia kutoka Tanga. Binti yake, aliyempa jina la Shemsa, anaolewa mwaka huu. Amemuuliza mama yake bibi alifananaje. Rania anataka nimwandikie mimi, ninayekumbuka.

Ninaamini nilipafuta pale mahali, sijui kiasi gani. Ukikuta pamebaki chenga tupu, usinifiche. Hapo Shemsa alikuwa karibu sana na kamera.

Thuraya


Buguruni,
18 Mei 2025

Bi Thuraya, shikamoo.

Nakuandikia kutoka nyumbani. Pale dukani TV ikiwaka tu watu wanajaa kama kuna mpira, kwa hiyo niliileta hapa. Leo baada ya ibada mume wangu nimemfukuza akakae kwa jirani, nikafunga mlango kwa komeo.

Imewaka. Kaseti ilitoka katikati ya wiki. Utepe ulikuwa na ukungu, nimeusafisha kwa pamba huku nauzungusha kwa mkono, jioni tatu. Mahali pamekunjamana kama urefu wa mkono wangu. Hapo utaona mstari mweupe unapita, basi.

Sasa sikiliza, Bi, kwa sababu hili limenifanya nikae chini. Mgongoni mwa kila kaseti kuna kijino kidogo cha plastiki. Wapiga video wa harusi walikuwa wanakivunja wakimaliza kazi, ili mtu asije akarekodi mpira juu ya harusi ya mwenzake. Kikivunjwa pale panabaki tundu, na ukibonyeza kitufe chekundu mashine inaikataa kaseti, inaitema. Ndicho ilichofanya kwako. Haikuwa mbovu. Mbovu ilikuwa baada ya kuisukuma.

Hujafuta kitu. Hata nukta moja. Yote yamo.

Najua yamo kwa sababu nimeyasikia. Ulisema nisitazame, nikafunika kioo kwa khanga mikunjo miwili, kanda ikacheza mwanzo mpaka mwisho bila mimi kumwona mtu. Lakini kusikiliza hukunikataza, na bila sauti nisingejua kama inakwenda sawasawa. Kwenye ngoma ya pili kuna mwanamke yuko karibu kabisa na kamera, anasema neno baya kuhusu mama wa bibi harusi. Sitaliandika hapa. Baada yake ngoma inaendelea kidogo, pumzi tatu hivi. Kisha sauti nyingine, nzito kidogo, karibu zaidi, inasema: "Njoo, wifi. Huwezi kukaa pembeni siku ya mwanetu." Halafu vigelegele na bangili.

Nilidhani ni vizuri ujue kuwa nimesikia. Sikutaka nikurudishie kazi huku nimeficha kitu.

Paskalina


Upanga,
20 Mei 2025

Paskalina,

Sauti ya kwanza ni yangu.

Umenitendea uungwana kwa kutoliandika lile neno. Nimeshika barua yako asubuhi nzima. Nilifundisha miaka thelathini na mbili. Wapo mawaziri na wapo wauza samaki waliopita mikononi mwangu, na wakikutana nami njiani wote wananiamkia. Hakuna hata mmoja aliyewahi kunisikia nikisema maneno ya namna ile. Yamo humo tu.

Maneno yale ya pili siyakumbuki. Nakumbuka mkono wake tu, alivyonivuta, na mimi nikacheza. Nilijiambia kuwa hakunisikia. Nimeishi kwa hilo.

Sasa nakuomba. Yafute yangu. Wewe ni fundi, lazima ipo njia. Rania ampate mama yake bila mimi kuwemo. Nikifa akilisikia baada yangu, hakutakuwa na mtu wa kumjibu. Na nikiwa hai akilisikia, sijui nitaweka wapi uso huu.

Thuraya


Kariakoo,
21 Mei 2025

Bi Thuraya, shikamoo.

Nimesoma barua yako mara mbili, nikaenda kunywa chai kwa mama ntilie, nikarudi nikaisoma tena.

Kufuta naweza. Unaziba lile tundu la mgongoni kwa selotepu, mashine inadanganyika, inarekodi. Lakini deki hii haijui kufuta sauti ikaacha picha. Inafuta vyote viwili kwa pamoja. Na kati ya neno lako na jibu la yule mama nafasi ni ndogo mno. Nikifuta lako, naye ananyamaza, na uso wake unaondoka katika dakika ile.

Mimi mama yangu alifariki nikiwa darasa la pili. Sauti yake siikumbuki, nimejaribu. Leo mtu akinipa kanda ambayo mama yangu anatukanwa humo, nitaipokea kwa mikono miwili. Sikufundishi kitu, wewe ndiye mwalimu. Nasema ningefanyaje mimi.

Haruna anakurudishia TV kesho na kaseti iko ndani. Nimeiacha ilivyokuwa. Kwenye bahasha nimekuwekea kipande cha selotepu nimekibandika kwenye kadi. Tundu liko mgongoni mwa kaseti, upande wa kushoto. Kitufe chekundu unakijua. Safari hii haitaitema.

Paskalina


Upanga,
25 Mei 2025

Mwanangu Rania,

Asalaam aleikum. Uliniomba nikuandikie mama yako alifananaje. Utamwona mwenyewe. Kaseti ya harusi yako haikuungua. Imekuwa kwangu siku zote, ndani ya televisheni niliyoivunja kwa mikono yangu. Fundi ameitengeneza na inaonyesha. Nilikudanganya, nikamdanganya kaka yangu mpaka akaingia kaburini na uongo wangu.

Nitakuambia kwa nini, na nitaliandika neno lenyewe, kwa sababu ukilisoma kwanza kutoka kwangu halitakuvamia.

Unajua mama yake Shemsa alikuwa mpishi wa baba yetu. Kaka yangu alipotaka kumwoa binti wa jikoni, mimi ndiye niliyepinga zaidi ya wote, mimi niliyesoma. Usiku wa harusi yako, uani pale Mtaa wa Sikukuu, nilikuwa nimekaa karibu na yule mpiga video. Mama yako akaingia katikati, leso kiunoni, akacheza, na wanawake wote wakamtazama yeye. Nikasema: "Mwangalieni mtoto wa mjakazi, leo amejisahau." Kamera ikanasa. Ndilo nililotaka kulifuta wiki chache baadaye, nikashindwa, nikasema kaseti imeungua.

Jana Samir alipokwenda kazini niliiwasha. Mimi sisikii, kwa hiyo harusi yako niliiona kimyakimya. Nimewaona wote, Rania. Meno ya Bi Nasra. Wewe umekaa na hina mpaka viwiko, umenuna kwa joto. Na mama yako, na lile pengo lake la mbele alilokuwa akilifunika kwa kiganja akicheka. Siku ile hakulifunika.

Mahali pale nilipajua kwa kiwiko changu, kinaonekana pembeni ya kioo. Neno sikulisikia, lakini nimeona lilipofika. Shemsa alikuwa anapiga makofi. Mikono ikasimama hewani kabla haijakutana. Akageuka, akatazama upande wetu, akanitazama mimi. Nilihesabu kama nilivyokuwa nikihesabu darasani nikisubiri mtoto ajibu: moja, mbili, tatu. Kisha akaikaza leso yake kiunoni, akaja moja kwa moja, akanyoosha mkono.

Miaka yote hii nilijipa moyo kwamba hakusikia, kwa maana angesikia asingekuja. Alisikia. Akaja. Fundi, ambaye alisikia bila kuona kama mimi nilivyoona bila kusikia, ameniandikia alichosema mama yako: "Njoo, wifi. Huwezi kukaa pembeni siku ya mwanetu." Alisema mwanetu. Aliishi miezi minane baada ya hapo, akaniletea chakula nilipougua mguu, na hakunitajia kamwe. Nami sikumwomba radhi, kwa kuwa nilijifanya hakuna kosa.

Ninakuomba wewe, kwa kuwa yeye sina tena njia ya kumfikia mpaka Mungu atakapotukutanisha.

Njia ya kufuta ninayo. Fundi alinipa kipande cha selotepu cha kuzibia kaseti na akaniachia niamue. Kilikaa mezani siku mbili. Ndicho nilichofungia bahasha hii.

Shangazi yako,
Thuraya


Tanga,
28 Mei 2025

Shangazi,

Waaleikum salaam. Barua imefika na basi la asubuhi.

Nimekasirika, na sitaki nikuandikie kana kwamba sikukasirika. Mwaka 1998 nilikuja kwako na mimba ya miezi saba. Nilikuomba unikumbushe hata mama alivyokuwa anacheka tu, kwa sababu nilikuwa nimeanza kusahau. Ukanipikia biriani. Nilikula kwenye kochi lako, na mama yangu alikuwa hatua mbili kutoka nilipokaa, chini ya kitambaa.

Neno lenyewe nalijua. Hukuwa wa kwanza kulisema katika familia hii wala wa mwisho. Mwanangu amelisikia mwaka huu, kwa upande wa mchumba. Alilia, na sikujua nimwambie nini. Sasa nataka amwone bibi yake alifanya nini alipolisikia.

Tunakuja Jumamosi, mimi na Shemsa. Usiifute. Usimpe mtu. Na usiitazame tena mpaka tufike, kwa kuwa mashine ni ya zamani na mimi sijamwona mama bado.

Sijui kama nitaweza kukushika mkono kama yeye. Yeye alikuwa na moyo wake, mimi nina wangu. Lakini nitakaa kochi moja na wewe.

Rania


Upanga,
29 Mei 2025

Mwanangu Paskalina,

Wanakuja keshokutwa, Rania na binti yake. Samir nimemwambia atoke saa nane asirudi mpaka magharibi. Ananitazama kama nimepata mchumba. Daktari anataka nilale wodini kuanzia kesho. Nimemwandikia kuwa Jumamosi nina wageni, anitarajie Jumatatu. Leo nimepanda ngazi bila kupumzika katikati, sijui nguvu imetoka wapi.

Nakuhitaji. Mashine ikileta ukaidi ni wewe tu unayeijua. Tena naona Rania atataka kurudi nyuma mara nyingi mahali pamoja, na pale pamekunjamana, wewe mwenyewe umesema. Pia kutakuwa na maneno ya kusemwa humu chumbani, na mimi nitahitaji mtu wa kuniandikia, bila kupunguza kitu ili kunipendeza. Umeshaonyesha kuwa hilo unaliweza.

Njoo saa tisa, Haruna atakufuata dukani. Acha khanga yako nyumbani. Umewasikia wote, uje uwaone.

Thuraya